Vigeu vya Mazingira na Faili ya Usanidi: Jinsi Programu Inavyoelekezwa Iliko Kazi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu ya tarakilishi inavyoipata faili yake ya usanidi kwa msaada wa vigeu vya mazingira. Hoja kuu ni kwamba kazi ya lugha iliyohifadhiwa katika faili, iwe kamusi au tafsiri, haimfai mtumiaji mpaka programu ielekezwe mahali ilipo. Kigeu cha mazingira humwezesha mtumiaji wa kawaida kutoa maelekezo hayo bila kuugusa msimbo wa programu na bila kusubiri idhini ya msimamizi wa mfumo. Mifano imetolewa katika mifumo ya jamii ya Unix, hususan Linux, na inahusu uteuzi wa lugha ya ujumbe na ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika vyuo vya Afrika Mashariki umejikita kwa muda mrefu katika istilahi. Wapo wanaopendelea tarakilishi, wapo wanaosema kompyuta, na wapo wanaoshikilia ngamizi. Mjadala huo una faida yake, kwani lugha isiyo na istilahi ni kama fundi asiye na zana. Hata hivyo, lipo swali jingine lisilopewa uzito unaostahili: baada ya istilahi kuundwa na tafsiri kukamilika, kazi hiyo humfikiaje mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi?

Swali hili lina uzito kwa sababu kazi yenyewe ipo. Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Maktaba ya msingi ya Linux iitwayo glibc ina maelezo ya Kiswahili cha Kenya chini ya jina sw_KE na ya Kiswahili cha Tanzania chini ya jina sw_TZ. Miongoni mwa kamusi za tahajia za LibreOffice, imo ya Kiswahili. Kazi zote hizi zimehifadhiwa katika faili. Programu isipoipata faili inayohitajika, aghalabu hurejea Kiingereza kimyakimya, na jasho la mtafsiri huwa kana kwamba halikumwagika. Hii ndiyo sababu mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji kuelewa namna programu inavyotafuta faili zake, hata kama hana nia ya kuwa mwandishi wa programu.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

2.1 Faili ya Usanidi

Programu huandikwa mara moja na kutumiwa na watu wengi wenye mahitaji tofauti. Mmoja hutaka herufi kubwa, mwingine ndogo. Mmoja hutaka kamusi ya Kiswahili, mwingine ya Kifaransa. Mapendeleo haya hayaandikwi ndani ya programu. Huwekwa katika faili ya pembeni ambayo programu huisoma kila inapoanza kazi. Faili hiyo ndiyo faili ya usanidi. Mara nyingi huwa ni maandishi ya kawaida yanayoweza kufunguliwa na kuhaririwa na mtu yeyote. Katika makala haya, dhana hii inapanuliwa kidogo ili ijumuishe pia faili za kamusi na za tafsiri, kwa kuwa programu huzitafuta kwa utaratibu unaofanana.

2.2 Kigeu cha Mazingira

Kigeu ni jina linalobeba thamani inayoweza kubadilika. Kigeu cha mazingira ni kigeu kinachotunzwa nje ya programu, katika mazingira ambamo programu hiyo inatenda kazi. Huwa na sehemu mbili: jina na thamani, zikitenganishwa na alama ya usawa. Kwa mfano:

LANG=sw_KE.UTF-8

Hapa jina ni LANG na thamani ni sw_KE.UTF-8, yaani Kiswahili kama kitumikavyo nchini Kenya, kikiandikwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Kigeu kingine maarufu ni HOME, ambacho hubeba anwani ya saraka ya nyumbani ya mtumiaji. Saraka ni sehemu ya diski inayohifadhi faili pamoja. Vigeu vya namna hii vilianza kutumika katika Toleo la 7 la Unix, lililotolewa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1979. Windows nayo ina vigeu vyake; APPDATA, kwa mfano, huonyesha saraka inayohifadhi data za programu za mtumiaji.

Sifa mojawapo ya vigeu hivi ni kurithiwa. Programu moja inapoianzisha nyingine, ile ya pili hupewa nakala ya mazingira ya ile ya kwanza. Mtoto hurithi kwa mzazi. Hata hivyo, kwa kuwa alichorithi ni nakala, mtoto akibadilisha thamani ya kigeu, mzazi haathiriki. Kanuni hii ndogo ndiyo chanzo cha mikanganyiko mingi, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0.

Mwanafunzi wa pragmatiki hatakuwa mgeni wa dhana hii. Neno "hapa" halina mahali maalumu mpaka ajulikane anayelitamka na aliposimama. Likitamkwa Lamu, humaanisha Lamu. Likitamkwa Kisumu, humaanisha Kisumu. Nalo neno lenyewe halibadiliki. Kigeu cha mazingira hufanya kazi ya kiashiria cha namna hiyo. Programu iliyoandikwa "tafuta katika HOME" humfaa kila mtumiaji, kwa kuwa kila mtumiaji huja na HOME yake. Maana hukamilishwa na muktadha.

3.0 Kwa Nini Anwani Isifungiwe Ndani ya Programu

Mwandishi wa programu anaweza kushawishika kuandika anwani kamili ya faili ndani ya msimbo. Tuseme ameandika kwamba kamusi imo katika /usr/share/kamusi. Katika tarakilishi yake mambo yatakwenda shwari. Matatizo yatajitokeza programu itakapohama.

Kwanza, mifumo hutofautiana. Anwani iliyo sahihi katika Linux haitakuwa na maana katika Windows. Pili, watumiaji hutofautiana. Katika maabara ya chuo, tarakilishi moja inaweza kutumiwa na wanafunzi wengi, kila mmoja akiwa na akaunti yake. Anwani moja iliyofungiwa ndani ya programu huwalazimisha wote kutumia faili moja. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ruhusa hutofautiana. Saraka kama /etc na /usr/share kwa kawaida haziwezi kuandikwa na mtumiaji wa kawaida. Mwanafunzi aliyekusanya maneno ya lahaja yake kwa ajili ya tasnifu hawezi kuyaweka humo mpaka msimamizi wa mfumo akubali na apate nafasi. Programu ikiwa haijui mahali pengine pa kutafuta, utafiti wa mwanafunzi huyo utabaki mlangoni.

Suluhisho ni programu kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na programu nzuri hufuata wosia huo: kabla ya kufungua faili, huyauliza mazingira kama yapo maelekezo kuhusu iliko. Katika lugha ya C, swali hilo huulizwa kwa kutumia kitendo kiitwacho getenv, ambacho hupewa jina la kigeu na kurudisha thamani yake, au kutorudisha kitu iwapo kigeu hicho hakipo.

4.0 Utaratibu wa Kutafuta

Kuuliza mazingira ni hatua moja tu katika mfululizo. Programu nyingi hutafuta faili kwa kufuata ngazi zifuatazo, na hukubali jibu la ngazi ya juu kabla ya kushuka kwa inayofuata:

(a) Amri yenyewe. Mtumiaji anapotaja faili pamoja na amri anayoitoa, kauli yake hiyo hushinda nyingine zote.

(b) Kigeu cha mazingira. Amri isipotaja faili, programu huangalia kama kigeu kinachohusika kimepewa thamani.

(c) Saraka ya nyumbani. Kigeu kisipokuwepo, programu hutafuta mahali palipozoeleka ndani ya HOME.

(d) Saraka za mfumo mzima. Nyumbani pakikosa faili, programu hutazama faili iliyowekwa na msimamizi kwa ajili ya watumiaji wote, kwa mfano katika /etc.

(e) Chaguomsingi. Kote kukikosekana, programu hutumia thamani zilizoandikwa ndani yake.

Mpangilio huu una mantiki. Kilicho karibu zaidi na mtumiaji, na kilichosemwa hivi punde, hupewa nguvu kuliko kilicho mbali na cha kudumu. Ngazi ya mwisho nayo ni ya lazima, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: programu iliyotafuta kila mahali ikakosa haina budi kuwa na pa kurejea, vinginevyo itakwama kabla ya kuanza.

Inafaa kutofautisha aina tatu za vigeu vinavyohusika katika ngazi ya (b). Aina ya kwanza hutaja faili yenyewe. GIT_CONFIG_GLOBAL, kilichoongezwa katika toleo la 2.32 la programu ya Git mwaka 2021, ni cha aina hii. Aina ya pili hutaja saraka, na programu huingia humo kutafuta faili inayoifahamu kwa jina. XDG_CONFIG_HOME ni mfano wake. Kisipopewa thamani, programu zinazofuata mwongozo wa freedesktop.org hutumia saraka iitwayo .config ndani ya HOME. Aina ya tatu hutaja orodha ya saraka, nazo hutazamwa moja baada ya nyingine. Katika Unix, saraka hizo hutenganishwa kwa nukta pacha. Katika Windows hutenganishwa kwa nukta mkato. PATH, ambacho husaidia kutafuta programu zenyewe, na XDG_CONFIG_DIRS, ambacho hurejea /etc/xdg kisipopewa thamani, ni vya aina hii ya tatu. Anayechanganya aina hizi, kwa mfano kwa kutaja faili palipotakiwa saraka, atashangaa kuona maelekezo yake yamepuuzwa.

5.0 Mifano Miwili Inayohusu Kiswahili

5.1 Lugha ya Ujumbe

Programu nyingi za Linux hutumia mfumo wa tafsiri uitwao gettext. Ujumbe asilia, aghalabu wa Kiingereza, humo ndani ya programu, na tafsiri za kila lugha huwekwa katika faili yake. Tafsiri za Kiswahili kwa kawaida huwekwa katika saraka hii:

/usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES

Programu hujuaje kwamba iingie katika saraka ya sw badala ya fr au de? Huuliza mazingira. Hutazama kwanza LC_ALL, kisha LC_MESSAGES, kisha LANG. Cha kwanza kupatikana kikiwa na thamani ndicho kinachofuatwa. Thamani ikiwa sw_KE, gettext hutafuta kwanza saraka ya sw_KE, na ikiikosa hutafuta ya sw. Yaani Kiswahili cha Kenya kisipokuwa na tafsiri yake mahususi, hutumika Kiswahili kwa jumla. Kipo pia kigeu LANGUAGE, kinachoruhusu orodha ya lugha kwa mpangilio wa upendeleo. Mtu akiandika LANGUAGE=sw:en, anaiambia programu ianze na Kiswahili, na pale ambapo tafsiri haipo itumie Kiingereza.

Utaratibu huu unafichua jambo muhimu. Tarakilishi inaweza kuwa na faili ya tafsiri ya Kiswahili katika diski yake kwa miaka na mikaka bila mtumiaji hata mmoja kuiona, kwa sababu tu LANG imeachwa ikiwa en_US. Hali hiyo ikiendelea, watumiaji huamini kwamba programu haina Kiswahili, na watafsiri huamini kwamba kazi yao haihitajiki. Wote wawili hupotoshwa na mstari mmoja wa maandishi. Aidha, kubadilisha LANG pekee huenda kusitoshe iwapo maelezo ya sw_KE hayajawekwa katika mfumo, kwani programu itarejea hali ya msingi iitwayo C, ambayo haina tafsiri. Katika hali hiyo hata LANGUAGE hupuuzwa. Orodha ya lugha zilizowekwa huonyeshwa kwa amri locale -a.

5.2 Kikaguzi Tahajia

Mfano wa pili ni Hunspell, kikaguzi tahajia kilichobuniwa kwa ajili ya Kihungaria na ambacho leo hutumiwa na LibreOffice na Firefox. Kamusi ya Hunspell huwa na faili mbili. Ya kwanza, yenye mkia .dic, huorodhesha maneno. Ya pili, yenye mkia.aff, hubeba kanuni za viambishi. Mpangilio huu humwezesha mtunzi wa kamusi kuandika shina mara moja na kuiachia faili ya pili kazi ya kuzalisha maumbo yake. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mara moja manufaa ya mpangilio huo kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili.

Hunspell ina vigeu vitatu vinavyostahili kukumbukwa. DICTIONARY hutaja jina la kamusi, kwa mfano sw_TZ. DICPATH hutaja saraka za kutafutia kamusi hiyo. WORDLIST hutaja faili ya maneno binafsi ya mtumiaji. Chukua mtafiti anayehariri mahojiano yaliyofanywa Lamu kwa Kiamu. Katika lahaja hiyo, njia ni ndia na macho ni mato. Kikaguzi kilichojengwa juu ya Kiswahili sanifu kinaweza kuyatia alama ya kosa maneno kama hayo katika kila ukurasa. Mtafiti asiyejua la kufanya ama atakizima kikaguzi chote, ama, vibaya zaidi, atashawishika kusanifisha usemi wa wahojiwa wake na kuiharibu data.

Vigeu vya mazingira humpa njia ya tatu. Ataandika maneno ya Kiamu katika faili ya kawaida, neno moja kwa kila mstari, aihifadhi katika saraka yake ya nyumbani, kisha atoe amri ifuatayo:

WORDLIST=$HOME/kiamu.txt hunspell -d sw_TZ mahojiano.txt

Alama ya dola kabla ya HOME huiambia sheli, yaani programu inayopokea amri zilizopigwa chapa, iweke thamani ya kigeu hicho mahali pake. Kwa kuwa kigeu WORDLIST kimetangulizwa katika mstari uleule wa amri, thamani yake itadumu kwa kazi hiyo tu. Kesho, mtafiti huyohuyo akihariri sura ya nadharia kwa Kiswahili sanifu, hatakitaja kigeu, na Hunspell itarejea faili yake ya kawaida ya maneno binafsi, ambayo kwa kamusi hii huitwa .hunspell_sw_TZ na hukaa katika HOME. Kwa hivyo, lahaja na Kiswahili sanifu vitahudumiwa na programu ileile bila kuingiliana. Vilevile, akiwa na kamusi nzima aliyoitunga mwenyewe, ataielekeza Hunspell kwa DICPATH. Hatua zote hizi hazihitaji ruhusa ya msimamizi.

Ni muhimu kuongeza kwamba mbinu hii haitatui kila tatizo. Neno la Kiamu ndoo, lenye maana ya njoo, halitatiwa alama na kikaguzi kinacholijua neno ndoo la chombo cha kuchotea maji. Kikaguzi huangalia umbo. Maana humbakia msomaji.

6.0 Changamoto na Tahadhari

Changamoto ya kwanza ni ya kudumu kwa thamani. Mtumiaji huandika export LANG=sw_KE.UTF-8 katika dirisha moja la sheli, kisha hufungua dirisha jingine na kukuta Kiingereza. Sababu imekwisha kuelezwa: mazingira hurithiwa na watoto, wala hayapandi kwa mzazi wala hayaendi kwa ndugu. Anayetaka thamani idumu huiandika katika faili isomwayo na sheli mtumiaji anapoingia katika akaunti yake, kwa mfano .profile iliyo katika HOME.

Changamoto ya pili ni ya uandishi wa majina. Katika Unix, LANG na lang ni vigeu viwili tofauti. Aidha, kosa la herufi moja katika jina halitoi onyo lolote, kwa kuwa mfumo huchukulia kwamba kigeu kipya kimeundwa.

Changamoto ya tatu ni thamani tupu na anwani zisizo kamili. Mwongozo wa XDG huagiza kwamba kigeu kilicho tupu kichukuliwe sawa na kisichokuwepo, na kwamba anwani isiyoanzia kwenye mzizi wa mfumo wa faili ipuuzwe. Programu zisizofuata mwongozo huo zinaweza kutenda vingine, hivyo ni salama zaidi kuandika anwani kamili wakati wote.

Changamoto ya nne inawahusu waandishi wa programu. Mtumiaji akitaja kwa makusudi faili isiyokuwepo, programu haifai kushuka kimya hadi ngazi inayofuata. Yafaa iseme wazi kwamba faili iliyoelekezwa haikupatikana, na itaje anwani yake. Kimya cha programu humfanya mtumiaji aitilie shaka kamusi yake ilhali kosa liko katika anwani.

Changamoto ya tano ni usalama. Anayeyatawala mazingira anaweza kuielekeza programu kwenye faili yenye madhara. Kwa sababu hiyo, programu zinazotenda kwa mamlaka makubwa kuliko ya aliyezianzisha hupuuza baadhi ya vigeu, na amri ya sudo kwa kawaida huondoa vigeu vingi kabla ya kutenda. Hatari hii ilidhihirika mwezi wa Septemba mwaka 2014, kasoro iliyopewa jina Shellshock ilipotangazwa. Kasoro hiyo iliiruhusu sheli ya Bash kutekeleza amri zilizofichwa ndani ya thamani za vigeu vya mazingira.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kigeu cha mazingira ni kiungo kati ya programu na faili inayoihitaji, na kwamba programu inayoyauliza mazingira yake hukubali kutumikia watu, lugha na lahaja ambazo mwandishi wake hakuzifikiria. Yameonyesha pia kwamba kutoonekana kwa Kiswahili katika tarakilishi hakumaanishi kila mara kwamba Kiswahili hakimo. Wakati mwingine kimo, ila programu haijaelekezwa kilipo.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kila mradi wa kutafsiri programu au kutunga kamusi ya kielektroniki uambatane na maelezo ya Kiswahili yanayomwonyesha mtumiaji faili iwekwe wapi na kigeu kipi kipewe thamani gani. Tafsiri isiyo na maelezo hayo ni barua isiyo na anwani. Pili, kozi za Kiswahili na teknolojia zitenge nafasi kwa mazoezi ya namna hii katika maabara, hata kama ni ya saa moja. Mwanafunzi aliyebadilisha LANG kwa mkono wake na kuiona programu ikimjibu kwa Kiswahili ataelewa kwamba lugha hii haikungoja kuingia katika tarakilishi. Imekuwa ikingoja kuitwa.